Mbio za baskeli za kwenye skrini ni kitu gani, na kwanini mapro wanazichukulia serious

Kuna watu wakisikia "mbio za baskeli za mtandaoni" wanajua ni gemu, yani mtu kakaa kwenye kochi anabonyeza bonyeza. Sivyo kabisa. Hapa mtu anapanda baskeli yake mwenyewe, anakanyaga kwa miguu yake mwenyewe, jasho linamtoka mpaka sakafu inarowa, isipokuwa baskeli haiendi popote, imefungwa kwenye mashine, na anaekwenda ni yule mtu wake wa kwenye skrini. Wenzake wamefanya hivohivo kila mmoja kwao, huyu yuko Ubelgiji, yule Australia, na wote wanajiona kwenye barabara moja wakati mmoja. Kwa mapro wa barabarani, yani wale wanaolipwa kukimbia kwenye timu za Ulaya, skuizi kuna mpaka ubingwa wa dunia unaotambuliwa na UCI, shirikisho la baskeli la dunia, na bingwa anavaa jezi ya upinde wa mvua kama bingwa mwengine yoyote.

Tuanze na mashine manake hiyo ndio roho ya jambo lote. Wanaiita treina. Unachomoa gurudumu la nyuma, fremu unaikalisha kwenye treina, mnyororo unakaa kwenye gia za treina yenyewe. Ndani mna gurudumu zito la chuma na sumaku, na mna kipimo kinachosoma nguvu unayoitoa kwa wati, sekunde kwa sekunde, kisha kinaipeleka kwenye laptopu kwa Bluetooth. Barabara ya kwenye skrini ikianza kupanda, programu inaiambia treina ikaze, na miguu inahisi palepale, kama kuvuta ndoo ya kisimani iliyojaa. Ikiteremka inalegea. Programu zenyewe ni nyingi. Inayojulikana zaidi ni Zwift, iliyotoka 2014, ina kisiwa cha kubuni kinaitwa Watopia chenye milima na mpaka volkano. Rouvy wao wanatumia video za barabara za kweli. MyWhoosh ya Abu Dhabi ni bure, hii tutairudia.

Sasa programu inajuaje nani yuko mbele? Hapa ndio pa kutulia. Inachukua wati zako, uzito wako na urefu wako, inapiga hesabu ya mlima na upepo, inatoa spidi. Basi. Sura haimo, baskeli yako ya kweli hata iwe ya bei mbaya haina maana kubwa, kinachoongea ni wati na kilo. Chukua watu wawili, mmoja ana kilo 80 na anaweza kushikilia wati 320, mwengine kilo 60 na wati 270. Ukiwatoa Mjini Unguja ukawapeleka Fumba, njia tambarare, yule wa kilo 80 anamuacha mwenzake kwasababu kwenye tambarare wati nyingi ndio zinasukuma hewa. Wavushe wote wawili Pemba uwatoe Chake kwenda Wete, kule kupanda na kushuka hakuishi, mambo yanageuka. Gawa wati kwa kilo, wa kilo 80 ana 4 na wa kilo 60 ana 4.5, kila kilima mdogo anapata mita, anapata mita, mpaka haonekani tena. Hiyo namba ya wati kwa kilo ndio wanayoijua mapro wote kwa moyo, na wale wapandaji wakubwa wa milima wanashikilia karibu 6 kwa nusu saa hivi. Mtu wa kawaida mwenye mazoezi mazuri hata dakika tano hawezi.

Upepo pia umo. Anaependa baskeli akipita Paje na Jambiani wakati wa kusi anajua upepo ni nini, na anajua raha ya kukaa nyuma ya mwenzako akukingie. Kwenye skrini hivohivo, ukiwa ndani ya kundi programu inakupunguzia mzigo, ukitoka mbele peke yako unalipa. Lakini kuna vitu havimo. Hakuna breki za maana, kona mtu wako anajikatia mwenyewe, hakuna kuanguka, hakuna kuvizia mpenyo kwenye kundi bega kwa bega. Halafu mbio hazina mapumziko, barabarani pro anaweza kukaa masaa manne ndani ya kundi akijihifadhi, huku mbio ni kama saa moja na zinaanza kwa fujo, watu wanakuwa washakanyaga kabla hata hawajaruhusiwa, ukichelewa sekunde chache kundi limekwenda na kulirudia ni shida. Ndo mana bingwa wa barabarani anaweza kupigwa vizuri tu na mtu ambae hajawahi kukimbia mbio za barabarani. Na kuna vijisaidizi vya kigemu, unyoya unakupunguza uzito kwa sekunde 15, kofia inakupunguzia upepo kwa sekunde 15, na kujua lini uvitumie ni ujanja kamili. Binafsi ningevitoa kwenye mbio za ubingwa, lakini wenyewe wanavipenda.

Mapro wengi walikuwa wanaitumia kwa mazoezi ya winta tu mpaka ikaja korona. 5 Aprili 2020, siku ambayo Tour of Flanders, mbio kubwa za siku moja za Ubelgiji, ingekimbiwa, barabara za Ubelgiji zilikuwa tupu, basi wakawaweka mapro 13 kila mmoja nyumbani kwake, wakakimbia kilomita 32 za mwisho za njia ileile kwenye skrini na TV ikarusha. Akashinda Greg Van Avermaet, bingwa wa olimpiki wa Rio 2016, ambae Flanders ya kweli hajawahi kuibeba. Julai mwaka huohuo ikafanywa Tour de France ya kwenye skrini wakati ile yenyewe imesogezwa mpaka mwisho wa Agosti, na wanawake wakakimbia njia sawa na wanaume. Miaka miwili baadae, 2022, Tour de France ya wanawake ilirudi barabarani na mdhamini wake ni haohao Zwift. Desemba 2020 ndio ubingwa wa dunia wa kwanza, kwa wanawake akashinda Mwafrika, Ashleigh Moolman-Pasio wa Afrika Kusini, ambae alikuwa pro wa barabarani khasa. Kwa wanaume kashinda Jason Osborne wa Ujerumani, na yeye kazi yake ilikuwa kupiga makasia! Mwaka uliofuata kachukua fedha ya makasia olimpiki ya Tokyo, halafu 2022 kaingia timu ya mapro ya Alpecin.

Wa pili wa kumjua ni Jay Vine wa Australia. Huyu kashinda mashindano ya Zwift Academy ya 2020, ambayo zawadi yake ilikuwa mkataba na timu ya mapro, Februari 2022 kawa bingwa wa dunia wa skrini, na mwaka huohuo kashinda hatua mbili za Vuelta, mbio kubwa za wiki tatu za Spain, kwenye milima ya kweli. Kwangu mimi hapo ndio maana ya kitu hiki inapoonekana. Timu ilimjua kwa namba zake kwanza.

Lakini namba inaaminika vipi? Rudi kwa wale wawili wetu. Wa kilo 80 akiandika kwenye programu kuwa yeye ni kilo 70, wati zake zilezile 320 zinakuwa 4.57 kwa kilo, kashampita mwenzake mlimani bila kukanyaga zaidi hata kidogo. Kwahiyo mbio za juu mtu anatakiwa ajirikodi video akipanda mizani na akipimwa urefu, na wati zisomwe na vifaa viwili tofauti, treina na kipimo kengine cha kwenye pedali au kwenye mkono wa pedali, halafu faili zote mbili zilinganishwe. Uingereza 2019 bingwa wao wa kwanza wa skrini alivuliwa ubingwa na kufungiwa miezi sita kwasababu alitumia programu ya kumkanyagia ili apate baskeli bora ya ndani ya gemu. Ubingwa wa dunia wa 2024 fainali walikusanywa pamoja Abu Dhabi, wakakimbia kwa MyWhoosh, na Osborne akashinda tena. Naona hiyo ndio njia sahihi kwa mbio kubwa, watu wapimwe mbele ya macho.

Na kwetu Zanzibar je? Joto ni adui wa kwanza. Ukikanyaga, karibu robo tu ya nishati ndio inafika kwenye pedali, iliyobaki yote inakuwa joto mwilini, barabarani upepo unaliondoa, ndani ya ukumbi hakuna upepo. Kaskazi, milango imefungwa, utaona wati zinashuka zenyewe na moyo unapanda kwa kazi ileile. Feni moja haitoshi, weka mbili, moja ya kifua moja ya mgongo, au itoe treina barzani alfajiri. La pili umeme. Unguja tunaletewa kwa kebo ya chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni mpaka Fumba, na wakubwa wanakumbuka kuanzia Desemba 2009 tulikaa kiza karibu miezi mitatu. Skuizi sio hivo lakini ukikatika dakika mbili tu katikati ya mbio umetoka, kwahiyo laptopu yenye chaji, intaneti ya simu, na kabetri ka kuendeshea treina, na uhakikishe tukuza, ule umeme wa kulipia kabla, haikuishii njiani. Intaneti yenyewe haihitaji kuwa ya ajabu, data zinazokwenda ni namba tu, kinachoudhi ni kukatika katika.

La bei sina la kulipamba, treina nzuri ni ghali kuliko baskeli anayopanda kijana wa kawaida hapa. Ila treina moja inaweza kutumiwa na klabu nzima kwa zamu, programu ya bure ipo, na mtihani wa kuijua namba yako ya wati kwa kilo ni mfupi, pasha mwili moto vizuri, kanyaga dakika 20 kwa uwezo wako wote, chukua wastani wa wati ugawe kwa kilo zako. Mizani iwe ya kweli, na treina ikalibretiwe, yani kipimo chake kirekebishwe, kabla ya kila mtihani. Kijana wa Mkoani, Pemba, akitoa 5 hapo, kocha yoyote wa Ulaya akiiona hiyo namba pamoja na faili lake anajua anamtazama mtu wa aina gani.