Mombasa Ilikuwapo Kabla ya Fort Jesus

Wengi wetu Mombasa tumekua tukisikia kwamba mji huu ulianzishwa na Wareno walipojenga Fort Jesus. Ni rahisi kuamini hivyo, kwani ngome ile ndiyo jengo la kale analoonyeshwa kila mgeni. Lakini ujenzi wake ulianza 1593.

Mnamo 1331 Ibn Battuta, msafiri kutoka Morocco, alilala hapa usiku mmoja. Aliandika habari za kisiwa chenye ndizi na ndimu, watu wacha Mungu, na misikiti ya mbao iliyojengwa kwa ustadi. Mimi hupenda sana maelezo yale. Hata Wareno, 1498, walikuta bandari yenye shughuli.

Kuhakikisha, tafuta maktabani tafsiri ya habari za safari za Ibn Battuta, ulinganishe miaka.