Je, wajua kwa nini sekunde 10 bila umeme ni hatari kwa jengo la kidiplomasia lenye jenereta?

Mkazi wa Arusha aliyewahi kupita barabara ya Njiro jioni ya masika anaifahamu hali hii: mvua inanyesha kwa kishindo, taa zinafifia, zinarudi, zinazimika kabisa, kisha nyuma ya kuta ndefu jenereta zinaanza kunguruma moja baada ya nyingine. Mpita njia husikia mngurumo huo akadhani mambo yametengemaa. Kwa mlinzi aliye ndani ya ukuta, muda wa hatari ni ule uliotangulia mngurumo.

Balozi nyingi ziko Dar es Salaam, lakini Arusha ina majengo ambayo kinga yake kisheria inakaribiana na ya balozi: makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki yaliyozinduliwa Novemba 2012, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, na huko Lakilaki taasisi ya Umoja wa Mataifa iliyorithi kazi za mahakama ya kimataifa ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, iliyofungwa mwaka 2015. Maelezo haya hayadai kwamba lolote kati ya hayo lina kasoro. Yanahusu namna mitambo ya ulinzi inavyofanya kazi popote ilipofungwa.

Tuanze na mlango. Kufuli ya sumaku, ambayo hutumia volti 12 au 24, hushika mlango kwa nguvu kubwa kiasi kwamba mtu mmoja hawezi kuufungua kwa kuuvuta, lakini nguvu yote hiyo inatokana na umeme. Umeme ukikatika na betri ya akiba ikiwa imechoka, sumaku inaachia na mlango unabaki kama mlango wa kawaida usio na komeo. Zimetengenezwa hivyo kwa makusudi, ili moto ukizuka watu wasinaswe ndani. Ziko kufuli za aina nyingine ambazo umeme ukiondoka hubaki zimefungwa kwa nje, huku aliye ndani akitoka kwa kuzungusha kitasa. Kwa hiyo aliyechora jengo alikwisha kuamua, pengine miaka mingi iliyopita, ni milango ipi itaachia na ipi itashika siku ya giza, na si kila mlinzi wa zamu anaujua uamuzi huo.

Kamera zina tatizo jingine, ambalo kwa maoni yangu ndilo hupuuzwa zaidi. Mashine inayorekodi picha ni kompyuta. Ikizimika ghafla, hairudi pale umeme unaporudi, bali huwaka upya na kukagua diski zake, kazi ambayo huweza kuchukua dakika moja au mbili. Ndiyo kusema umeme uliopotea kwa sekunde moja tu unaweza kuacha pengo la dakika mbili katika rekodi, na kama saa ya mashine imerudi nyuma, hata picha zinazofuata zitakuwa na muda usio sahihi.

Jenereta haiwezi kuziba pengo hilo peke yake. Swichi ya kubadili umeme, ile ambayo mafundi huiita chenjiova, kwanza husubiri kidogo ijiridhishe kuwa umeme umekatika kweli, kisha huamuru injini iwake, kisha husubiri volti na mizunguko itulie kabla ya kuipa mzigo. NFPA 110, kiwango cha Marekani, kina daraja linalotaka yote hayo yakamilike ndani ya sekunde 10. Sekunde hizo hubebwa na betri za UPS, kifaa cha akiba kinachotoa umeme papo hapo ule wa kawaida unapokatika, na adui mkubwa wa betri ni umeme unaoyumba. Kila volti zinaposhuka mno chini ya 230, UPS huhamia kwenye betri. Siku yenye mayumbo 30, betri hutumika mara 30. Zaidi ya hapo, kengele za tahadhari hulia kila mara bila mwizi wala mgeni, hadi mlinzi anazoea kuzizima kabla hajatazama.

Kwa nini Kaskazini umeme huyumba ilhali Bwawa la Julius Nyerere lina uwezo wa megawati 2,115? Sababu mojawapo ni umbali. Bwawa hilo liko Rufiji, na mitambo ya maji iliyo karibu zaidi na Arusha ni midogo: Nyumba ya Mungu ni megawati 8, Hale 21 na Pangani mpya 68. Umeme unaosafiri mamia ya kilomita hupoteza nguvu kwa joto la nyaya, na volti hushuka kadiri watumiaji wa mwisho wa njia wanavyoongezeka. Ndiyo maana Machi 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alipoeleza mpango wa kununua umeme wa Ethiopia kupitia Kenya kwa ajili ya mikoa hii, hoja yake ilikuwa umeme unaopotea njiani, jambo ambalo wengi walilisikia kama kichekesho ingawa kifizikia lina mantiki. Njia ya kilovolti 400 kutoka Singida hadi Namanga, inayopita Arusha, husaidia kwa sababu kiasi kilekile cha umeme kikisafirishwa kwa kilovolti 400 badala ya 220 katika nyaya zilezile, upotevu hubaki takriban asilimia 30 ya ule wa awali.

Sheria nayo inaongeza ugumu. Ibara ya 22 ya Mkataba wa Vienna wa mwaka 1961 inaipa nchi mwenyeji wajibu maalumu wa kulinda jengo la ubalozi, na papo hapo inawakataza maofisa wake kuingia bila ridhaa ya mkuu wa ubalozi. Transfoma iko barabarani, mikononi mwa mwenyeji. Chumba cha swichi kiko ndani, mikononi mwa mgeni. Hitilafu ikitokea kati ya viwili hivyo usiku wa manane, fundi wa shirika la umeme husubiri getini mpaka apatikane mwenye mamlaka ya kumruhusu.

Geti si mahali pa kudharau. Tarehe 7 Agosti 1998, lori lenye bomu lilipofika ubalozi wa Marekani Dar es Salaam, lilizuiwa getini na lori la maji lililokuwa hapo, likalipukia nje; watu 11 walikufa. Siku hizi kazi ya kuzuia magari hufanywa na vizuizi vinavyoinuka kwa mota, na mota hizo nazo zinahitaji umeme.

Arusha ina jambo lake la ziada: mji uko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi, na injini ya dizeli isiyo na tabo (kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini) hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300. Jenereta iliyotosha Dar es Salaam huenda isitoshe hapa. Tena kuiwasha kila wiki bila mzigo ni kuidhuru, kwani dizeli isiyoungua vizuri huganda kwenye bomba la moshi. Jaribio la kweli ni fundi kushusha swichi kuu mchana kweupe, watu wakiwa kazini, huku mlinzi akipita mlango kwa mlango na kusukuma kila mmoja kabla injini haijashika mzigo.