Si Kila Damu ya Haja Kubwa ni Bawasiri

Wagonjwa wengi wanaofika kliniki yangu ya upasuaji hapa Mwanza kwa sababu ya kutokwa na damu baada ya haja kubwa huingia wakiwa tayari wamejipa jina la ugonjwa. "Daktari, nina bawasiri," husema, au huniambia kwa sauti ya chini kwamba wana "kinyama". Nikiuliza ni nani aliyewapima, mara nyingi jibu ni kwamba hakuna: muuzaji wa duka la dawa alisikiliza maelezo akatoa dawa ya kupaka, jirani akaongeza mizizi ya kuchemsha, na mwaka ukapita. Siwalaumu, kwa kuwa sehemu yenyewe ni ya siri na kuitaja tu mbele ya mtu mgeni ni mzigo mzito; lakini jina hilo linapaswa kutanguliwa na uchunguzi.

Ni kweli kwamba bawasiri na mpasuko ndivyo vyanzo vya kawaida zaidi. Kila binadamu ana vifuko laini vya mishipa ya damu ndani ya njia ya haja kubwa, ambavyo husaidia kuifunga njia hiyo ili hewa na choo visitoke ovyo. Vifuko hivyo vinapovimba na kushuka, kwa sababu ya choo kigumu, kujikamua, ujauzito au kukaa chooni muda mrefu, ndipo huitwa bawasiri. Vile vya ndani viko katika sehemu isiyo na hisia kali za maumivu, na ndiyo maana damu yake hutoka bila kuuma: nyekundu mbichi, ikidondoka au hata kuchuruzika choo kinapokwisha kutoka. Mpasuko una tabia tofauti kabisa. Ni ufa mdogo kwenye ngozi ya mlango wa haja kubwa, mara nyingi upande wa nyuma; damu yake ni kidogo, anayetawaza kwa maji huiona kiganjani, lakini maumivu yake wagonjwa huyafananisha na kukatwa kwa wembe, na huweza kuendelea kwa saa kadhaa. Mgonjwa huanza kukiogopa choo, hukibana, nacho huzidi kukauka, na siku kinapotoka huufungua ufa upya.

Kwa hiyo kwanza nauliza kuhusu maumivu, kisha rangi, kisha mahali damu inapoonekana. Damu iliyochanganyika na choo, au inayotoka na ute, hunifanya nifikirie sehemu za ndani zaidi. Ikija ghafla na kuharisha, homa na msokoto wa tumbo, mara nyingi ni maambukizi ya bakteria au amiba. Kwetu kandokando ya Ziwa Victoria kuna pia kichocho cha matumbo, ambacho minyoo yake hutaga mayai katika mishipa ya utumbo, na mayai hayo hupenya ukuta wa utumbo ili yatoke na choo. Mvuvi wa Ukerewe anayetokwa na damu apimwe choo kwa hadubini, maana huenda tiba anayoihitaji ni prazikwanteli. Choo cheusi kama lami, kinachonata na kunuka vibaya, kwa kawaida humaanisha kwamba damu imetoka juu, tumboni au mwanzoni mwa utumbo mwembamba, ingawa vidonge vya madini ya chuma navyo hukifanya choo kuwa cheusi.

Ninachokihofia zaidi ni saratani ya utumbo mpana na puru, yaani sehemu yake ya mwisho kabla ya mlango. Namkumbuka mwalimu wa shule ya msingi, mwenye umri wa miaka 38, aliyekuwa amepaka dawa ya bawasiri kwa miezi 14. Choo chake kilikuwa na damu na ute, alihisi haja isiyoisha hata akitoka msalani, na mkanda wa suruali yake ulikuwa umeongezwa matundu mawili. Nilipoingiza kidole, sentimita sita hivi kutoka mlangoni, niligusa kingo ngumu za kidonda, zilizoinuka kama kingo za kizibo cha soda. Bawasiri nayo alikuwa nayo kweli, na hilo ndilo lililowapoteza wote waliomsikiliza kabla yangu, kwa sababu kuwa na bawasiri hakumkingi mtu na saratani. Kidole changu kilichukua chini ya dakika moja.

Uchunguzi wenyewe hauna la kutisha. Mgonjwa hulala kwa ubavu wa kushoto akiwa amekunja magoti, mlango wa chumba ukiwa umefungwa na muuguzi akiwepo. Baada ya kidole chenye glavu na kilainishi, huingizwa bomba fupi lenye taa. Mwenye mpasuko mbichi simwingizi chochote siku hiyo, kwani ufa huonekana kwa kutenganisha makalio taratibu. Aliyefikisha miaka 45, aliyepungua uzito au damu mwilini, ambaye mwenendo wa choo chake umebadilika, au mwenye ndugu wa damu aliyepata saratani hii, namshauri apimwe utumbo mpana wote kwa kamera.

Ikithibitika kuwa ni bawasiri au mpasuko, tiba huanzia jikoni. Dona badala ya sembe, maharage, kunde, matembele na papai, vikiongezwa polepole pamoja na maji ya kutosha, hukilainisha choo kuliko dawa nyingi za kupaka. Simu ibaki nje ya choo, na anayetumia choo cha kukalia aweke kigoda chini ya miguu. Kukalia beseni la maji ya uvuguvugu kwa dakika 10 hadi 15 hulegeza misuli; maji yawe matupu, bila dawa ya kuua vijidudu. Mpasuko usiopona baada ya wiki sita hadi nane huhitaji dawa maalumu ya kulegeza msuli wa mlango. Bawasiri ya ndani inayoendelea kutoa damu tunaweza kuifunga kwa vimpira vidogo, ikakauka na kudondoka baada ya wiki moja hivi. Lakini aliyefungwa akipata homa, maumivu makali au akashindwa kukojoa, arudi mara moja.

Nawasihi sana wasomaji wasiweke dawa za kuunguza ili "kukausha kinyama". Nimewatibu watu ambao kovu la dawa hizo liliubana mlango hadi choo kikawa kinapita kwa shida, na kuurekebisha mlango huo ni kazi ngumu kuliko bawasiri yenyewe.

Anayetokwa na damu nyingi, yenye mabonge, au anayeona kizunguzungu na moyo kumwenda mbio, asisubiri siku ya kliniki. Apelekwe hospitali usiku huohuo, na dawa zote anazotumia zibebwe, hasa aspirini, diklofenaki na zile za kuzuia damu kuganda.