Saruji Haiokoi Groto

Karibu kila groto, yaani pango la sala lililojengwa kwa mawe, iliyosahauliwa inapofunuliwa vichakani, iwe kwenye bustani ya parokia au nyuma ya nyumba ya zamani katika miteremko ya Mwanza, wenyewe hunieleza kwamba dawa yake ni lipu nzito ya saruji na rangi ya mafuta ili maji yasipite. Nimechoka kulisikia hilo, kwa sababu ndilo linalobomoa groto zilizovumilia miaka mingi bila matunzo.

Graniti, jiwe lililojengea groto hizi, hunyonya maji kidogo mno. Maji hupita kwenye maungio ya mawe, na kwa kuwa groto nyingi zimeegemezwa kilimani, mengine hutokea nyuma, ndani ya udongo. Maungio ya chokaa huyaacha yatoke taratibu na kukauka. Ukiziba uso kwa saruji, maji hayakomi kuja, bali hujikusanya nyuma ya lipu, na udongo uliolowa huusukuma ukuta mpaka uvimbe. Dalili ya kwanza ni unga mweupe wa chumvi unaofutika kwa kidole. Baadaye lipu ikigongwa hutoa mlio wa uwazi, kisha hubanduka pamoja na chokaa ya asili. Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani ulijengwa kwa matumbawe na chokaa karne nyingi kabla ya saruji ya Portland kupata hataza mwaka 1824, na sehemu yake kubwa ingali imesimama.

Kwa hiyo chimbeni kwanza mtaro nyuma ya groto, zibueni matundu ya kutolea maji, na subirini masika yapite mkiangalia maji yanakoelekea. Ndipo mjaze maungio kwa sehemu moja ya chokaa na tatu za mchanga, mkiyafunika kwa magunia mabichi, maana chokaa inayokaushwa haraka na jua haishiki.

Wapo wanaoukataa mchanga wa ufukweni kwa kuogopa chumvi. Lakini Victoria ni ziwa la maji baridi, yasiyo ya chumvi. Kasoro ya mchanga huo ni matope, nao huoshwa. Anayeuchota avae buti, kwani kichocho kipo.

Mtini uliojipenyeza kati ya mawe using'olewe, kwa kuwa mizizi itatoka na ukuta. Ukateni, kisha mpogoe kila chipukizi mpaka kisiki kife.

Wengine hutaka mawe yapakwe rangi yafanane na Lourdes. Pango la Lourdes huko Ufaransa, ambako msichana Bernadette alitokewa na Bikira Maria mwaka 1858, ni la asili, na mwamba wake ni wa chokaa. Graniti ya Mwanza iacheni na rangi yake.