Tripodi ya Safari: Unalipia Nini Hasa

Tripodi ya safari ni stendi ya kamera yenye miguu mitatu iliyobuniwa iingie kwenye begi la mgongoni, na ikikunjuliwa iishike kamera bila kutikisika. Kwa kawaida ikikunjwa ina urefu wa sentimita 35 hadi 45, na uzito wake pamoja na kichwa, yaani sehemu ya juu inayoikamata kamera, ni kilo 1 hadi 2. Ndogo kuliko hapo ni za kuweka mezani. Kubwa kuliko hapo ni za studio, au za wapiga picha za ndege wa mwituni wanaotumia lenzi nzito. Ugumu wa kuichagua ni kwamba wepesi na uimara havipatani kirahisi, na ukiongeza sharti la bei nafuu, lazima kitu fulani kipunguzwe. Kazi yako ni kujua kipi kinapungua bila kuharibu picha.

Kwanza, kwa nini ubebe mzigo huo? Ukishika kamera mkononi, kuna kikomo cha muda ambao shata, yaani pazia linalofunguka kupitisha mwanga, inaweza kubaki wazi kabla picha haijatikisika. Kanuni iliyofundishwa tangu enzi za filamu inasema kwamba ukiwa na lenzi ya milimita 50, shata isiende taratibu kuliko 1/50 ya sekunde; ukiwa na ya milimita 200, iwe 1/200. Kamera za sasa zenye mfumo wa kutuliza mtikisiko zinakuongezea nafasi kubwa, lakini hazikufikishi sekunde nane wala ishirini. Na huo ndio muda unaouhitaji vichochoroni Mji Mkongwe, Zanzibar, baada ya magharibi, wakati taa zimewaka na anga bado ina ubuluu. Bila tripodi utapandisha ISO, yaani kiwango cha kamera kuhisi mwanga, hadi 6400 na sehemu zenye kivuli zitajaa chenga. Ukiwa na tripodi unabaki kwenye ISO 100, shata inakaa wazi sekunde kadhaa, na mawe ya matumbawe ukutani yanaonekana moja moja hata pale lipu ilipobanduka. Wapita njia huwa kivuli laini, au hupotea kabisa kwenye picha.

Kwa nyota mahitaji ni makubwa zaidi. Hesabu inayotumiwa na wengi ni kugawa 500 kwa milimita za lenzi: kwa kamera ya fremu kamili (yenye kihisi cha ukubwa wa filamu ya milimita 35) na lenzi ya milimita 24, unapata kama sekunde 20 kabla nyota hazijaanza kuwa mistari. Hakuna mkono wa binadamu unaotulia sekunde 20.

Miguu ni mitatu kwa sababu ile ile iliyofanya mafiga yawe matatu: sufuria haichezi, hata ardhi ikiwa na mabonde. Ila faida hii unaipata tu kama kila mguu unaweza kufunguka peke yake kwa pembe yake. Stendi nyingi za bei ya chini zina vyuma vyembamba vinavyounganisha miguu yote na nguzo ya kati, hivyo miguu hufunguka pamoja kwa pembe moja. Kwenye sakafu ya sebule hilo si tatizo. Kwenye ngazi za ngome ya zamani au miamba ya pwani, mguu mmoja unaning'inia. Kwa hiyo unaponunua kwa ajili ya safari, tafuta ambayo miguu yake haijafungwa pamoja, na kila mguu una kitasa chake cha kubadili pembe pale juu unapoanzia.

Sasa tuingie kwenye jambo ambalo boksi halilisemi kwa herufi kubwa, nalo kwa maoni yangu ndilo linaloamua karibu kila kitu: unene wa kipande cha mwisho cha mguu.

Mguu wa tripodi ni mabomba yanayoingia moja ndani ya jingine. Tuchukue tripodi ambayo bomba lake la juu lina kipenyo cha milimita 25, na kila linalofuata limepungua kwa milimita 3. Ikiwa na vipande vinne kwa kila mguu, utakuwa na 25, 22, 19 na 16. Ikiwa na vipande vitano, cha mwisho kinashuka hadi 13. Tofauti ya milimita 3 inaonekana ndogo, lakini ugumu wa bomba dhidi ya kupinda haupungui kwa kiwango sawa na kipenyo. Kwa mabomba ya malighafi ileile na kuta zenye unene uleule, ugumu hubadilika kwa kipeo cha tatu: ukiongeza kipenyo mara mbili, ugumu unaongezeka mara nane. Kwa hesabu hiyo, bomba la milimita 13 lina karibu nusu tu ya ugumu wa lile la milimita 16. Nacho ndicho kipande kinachogusa ardhi na kubeba kila kitu kilicho juu yake.

Ulichopata kwa kuongeza kipande cha tano ni sentimita chache za ufupi begini. Ulichotoa ni uimara, na pia muda: vipande vinne vina kufuli tisa za kufungua na kukaza, tatu kwa kila mguu; vipande vitano vina kumi na mbili. Jua la jioni karibu na ikweta huzama haraka, na anayehangaika na kufuli kumi na mbili huku rangi zikipotea atajuta kuzinunua. Kwa mwenye bajeti ndogo ningesema bila kusita, chukua ya vipande vinne. Vipande vitano vinafaa zaidi kwenye tripodi za bei ya juu, ambazo bomba la kwanza ni nene kiasi kwamba hata la tano linabaki na nguvu.

Namba ya pili ya kuangalia kwa makini ni urefu. Tangazo likisema sentimita 150, mara nyingi hapo nguzo ya kati imeshainuliwa yote. Ukiinua nguzo hiyo, kamera yako sasa imekaa juu ya fimbo moja, na upepo mdogo tu unaitikisa. Tafuta urefu bila nguzo kuinuliwa. Sentimita 120 hadi 130 zinatosha watu wengi, kwa sababu kamera yenyewe inaongeza kimo, na skrini nyingi za siku hizi zinainuka ukaweza kutazama bila kuinama sana. Nguzo iachie dharura, na hata hapo uiinue mwisho kabisa, baada ya kunyoosha miguu yote, ukianzia na vipande vinene. Ukiwa huhitaji kimo kamili, vile vyembamba viache ndani.

Kuhusu malighafi, wauzaji watakuambia alumini ni ya kawaida na kaboni faiba ni ya kitaalamu. Kaboni kweli ni nyepesi na hutuliza mtetemo upesi zaidi. Lakini tazama mfano huu. Kampuni ya Peak Design ya Marekani ilipotoa tripodi yake ya safari mwaka 2019, iliitengeneza kwa namna mbili zenye umbo moja na urefu mmoja zikikunjwa, kama sentimita 39. Ya alumini iliuzwa kwa kama dola 350, ya kaboni kwa kama dola 600. Tofauti ya uzito kati yao haifiki gramu 300. Dola 250 kwa uzito usiofika wa chupa ndogo ya maji! Anayepanda Kilimanjaro na mzigo wake mwenyewe anaweza kuona inafaa. Kwa wengi wetu alumini inatosha, na ina faida moja ya ziada: ikigongwa inabonyea na unaliona tatizo, wakati kaboni ikipigwa vibaya inaweza kupasuka.

Uzito unaobebwa, ile namba ya "kilo 8" au "kilo 12", ichukulie kwa tahadhari. Hakuna kipimo kimoja ambacho watengenezaji wote wanalazimika kukifuata, hivyo huwezi kulinganisha namba ya kampuni moja na ya nyingine. Namba hiyo kwa kawaida inakuambia stendi haitaanguka wala kuteleza, haikuambii kama picha itatulia. Iwe angalau mara mbili au tatu ya uzito wa kamera na lenzi yako, kisha endelea na mambo mengine.

Kichwa ndicho sehemu inayoikamata kamera na kuigeuza. Kwa safari wengi hutumia kichwa cha gololi: unalegeza kitufe kimoja, unaielekeza kamera upande wowote, unakaza. Ni kidogo na cha haraka. Anayepiga video zaidi ya picha anahitaji kichwa chenye mpini, kinachogeuka taratibu bila kuruka, na hicho ni kizito. Chochote utakachochagua, hakikisha kibati cha kufungia kamera ni cha mfumo wa Arca-Swiss, wenye upana wa kama milimita 38. Makampuni mengi yanautumia, hivyo kibati kikipotea safarini utapata kingine kwa bei ndogo. Skrubu yenyewe haikupi shida. Karibu kamera zote zina tundu la robo inchi chini yake.

Sokoni hali ni hivi. Maduka ya Kariakoo na ya Luthuli Avenue, Nairobi, yamejaa stendi za plastiki na alumini nyembamba zenye namba kama 3110. Kwa simu na kwa mtu anayejirekodi ndani zinafaa, na sioni sababu ya kuzidharau. Kwa kamera yenye lenzi ya kubadilishwa hazifai, maana kichwa chake huinama taratibu chini ya uzito hata baada ya kukazwa. Hatua inayofuata ni tripodi za alumini za makampuni ya China kama Neewer na K&F Concept, halafu Sirui na Benro. Manfrotto ya Italia ina Befree, yenye uzito wa kama kilo 1.5 na inayokunjika hadi kama sentimita 40, ambayo imekuwa kipimo ambacho wengi hulinganishia nyingine. Ukipata mtumba wa kundi hili, usiogope. Tripodi haina programu ya kupitwa na wakati wala betri ya kuchoka. Kagua kufuli zote, hakikisha kibati kipo, kunjua miguu uone kama kuna iliyopinda.

Dukani, usiridhike na kuinyanyua tu na kusema ni nyepesi. Kunjua miguu yote, acha nguzo chini, weka kiganja juu ya kichwa na ukandamize kwa uzito wa mkono. Mguu ukiteleza na kuingia ndani, irudishe rafuni. Kisha shika kichwa na ukizungushe kidogo kushoto na kulia. Mchezo utakaousikia pale miguu inapoungana ndio utakaouona kwenye picha. Kama una kamera, ifunge, vuta picha karibu kabisa kwenye skrini, gonga mguu mmoja kwa kidole, utazame picha inachukua muda gani kutulia. Weka mbili upande kwa upande ufanye hivyo, na hutahitaji maelezo ya muuzaji.

Ukishanunua, kuna mambo madogo yanayofanya tripodi ya bei ndogo ifanye kazi ya ile ya bei kubwa. Tumia taima ya sekunde mbili ili kidole chako kisiitikise kamera. Kwenye upepo, ning'iniza begi kwenye kulabu ya chini ya nguzo, na liguse ardhi kidogo, la sivyo litabembea na kuongeza mtikisiko. Kama lenzi yako ni ya zamani na ina mfumo wa kutuliza, uzime, kwani unaweza kuhangaika kutafuta mtikisiko ambao haupo.

Kuna mahali pia ambapo tripodi haisaidii. Ndani ya gari la utalii Serengeti au Maasai Mara huna pa kuikunjulia, na kila abiria akisogea gari lote linacheza. Hapo chombo sahihi ni mfuko wa kitambaa kigumu uliojazwa maharage au mchele, unaowekwa ukingoni mwa dirisha au paa, lenzi ikilala juu yake. Unasafiri na mfuko mtupu na kununua maharage ukifika. Sehemu nyingine zinakataza tripodi moja kwa moja, zikiwemo Taj Mahal ya India na jengo la Empire State, New York, basi uliza kabla ya kuibeba. Kwenye ndege ni salama zaidi kuifunga ndani ya begi linaloingia kwenye buti, kwa sababu afisa wa ukaguzi anaweza kuikataa isiingie na abiria.

Na kwa sisi wa pwani, adui mkubwa ni chumvi na mchanga. Ukisimamisha tripodi majini, vuta kwanza kipande cha mwisho kidogo ili kufuli ya chini ibaki juu ya maji. Ukirudi, isuuze kwa maji baridi yasiyo na chumvi huku miguu ikiwa imenyooshwa, na iache ikauke kivulini kabla ya kuikunja. Kufuli za kuzungusha zinafunguliwa kwa mkono, zinafutwa kwa kitambaa na kurudishwa kwa mpangilio ule ule. Grisi nzito ya gari usiipake, maana itashika kila chembe ya mchanga utakaokutana nao baadaye.