Milia ya kromosomu: yasemwayo na yaliyo kweli

Dhana: Kromosomu zina rangi zake.
Picha za vitabuni, nyekundu na kijani, zimewapotosha wengi. Kromosomu, yaani nyuzi za DNA zilizokunjwa ndani ya seli, haina rangi. Isipopakwa huonekana kwa shida, kama ukungu kwenye kioo. Zamani zilipangwa zote 46 za binadamu kwa urefu na mahali kiuno, sehemu yake nyembamba, kilipo, na nyingi zilifanana mno. Mwaka 1970 Torbjörn Caspersson, Lore Zech na wenzao huko Stockholm wakazipaka kemikali ya ukoo wa kwinakrini, dawa ya zamani ya malaria. Zilipomulikwa kwa mwanga maalumu zikawaka: hapa pang'avu, pale hafifu, kila jozi na milia yake. Mkono mrefu (upande mmoja wa kiuno) wa Y, kromosomu ya kiume, uling'aa kuliko zote mwishoni mwake. Tatizo ni kwamba mng'ao huo hufifia huku unautazama, kwa hiyo picha ipigwe upesi.

Dhana: Giemsa ni ya malaria tu.
Giemsa ni rangi ileile inayopakwa kwenye slaidi ya damu pale zahanati kutafuta malaria, lakini hupaka kromosomu pia. Kwa kromosomu, slaidi hupitishwa kwanza kwenye tripsini, kimeng'enya kinachosaga protini. Ikizidi kidogo tu, kromosomu huvimba na milia hupotea. Ikikaa sawasawa, milia haififii na hadubini ya kawaida inatosha. Ndiyo maana njia hii ilienea.

Dhana: Ukitoa damu asubuhi, jioni una majibu.
Kwa kipimo cha kromosomu, seli nyeupe za damu hukuzwa kwanza, kwa kawaida siku 3, kisha kemikali iitwayo kolchisini huzisimamisha zikiwa katikati ya kugawanyika. Tafadhali msimlaumu mtu wa maabara.

Dhana: Mlia mmoja ni jeni moja.
Hii ndiyo inayoumiza. Mzazi huambiwa kromosomu za mwanawe ziko sawa, kumbe mtoto ana selimundu. Kipimo hakikukosea: mlia mmoja hubeba mamilioni ya herufi za DNA, na selimundu hutokana na herufi moja tu. Milia huonyesha makubwa, kama kipande kilichohama.

Mfano ni huu: Denis Burkitt, daktari wa upasuaji katika hospitali ya Mulago, Kampala, alieleza uvimbe wa saratani kwenye taya za watoto mwaka 1958. Mwaka 1976 Zech na wenzake walionyesha kwamba katika saratani hiyo kipande cha kromosomu 8 huhamia kwenye 14. Bila milia ungeona 14 iliyorefuka kidogo, usijue nyongeza hiyo imetoka wapi.