Nyuzi ngapi? Hilo siyo swali la ukubwa wa kidonda

Juzi tena nimekaa na watu wanatambiana makovu, mmoja anasema mi nilishonwa nyuzi 15, mwenzake anamwambia wewe bado sana, mi 22, na yule wa nyuzi 8 akanyamaza kama timu yake imefungwa. Hii hesabu nimeichoka.

Kushona kidonda ni kuzikutanisha kingo za ngozi na kuzishikilia hapo mpaka mwili ujiunge wenyewe. Basi. Uzi hauponyeshi kitu, unashika tu.

Shida naona imeanzia kwenye neno lenyewe. Uzi ni uzi, wingi nyuzi, sawa, lakini hizohizo nyuzi ndo tunazopimia joto, mtu ana homa ya nyuzi 39, na shuleni tuliambiwa pembe mraba ina nyuzi 90, kwa hiyo ukisikia "nyuzi 22" sikio linakupeleka moja kwa moja kwenye kipimo, unaona kama kidonda kilifika digrii 22 za ubaya. Kumbe hakuna aliyepima chochote. Na hata hizo 22 zenyewe siyo nyuzi 22, mara nyingi ni uzi wa pakiti moja au mbili, unapitishwa, unafungwa fundo, unakatwa, unapitishwa tena. Mnachohesabu ni mafundo.

Fundi cherehani hakosei hapa, kwake mshono ni mstari mzima kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Na hospitali ipo staili ya hivyohivyo, uzi mmoja unakwenda mfululizo, fundo mwanzoni na fundo mwishoni, hata kama jeraha lina sentimita 20. Huyo sasa ameshonwa nyuzi ngapi? Moja? Mbona kovu lake ni refu kuliko la wote! Mfululizo unaenda haraka, ila uzi ukikatika mstari mzima unaweza kulegea. Ndo maana wengine wanapenda kushona mojamoja, kila moja na fundo lake, likiachia moja yaliyobaki yanashika, na usaha ukijikusanya unafungua moja au mawili pale unatoka bila kubomoa kazi yote.

Idadi pia inategemea mahali. Usoni wanashona kwa ukaribu na uzi mwembamba ili kovu lisionekane sana, mgongoni wanaachanisha na uzi unakuwa mnene, kwa hiyo mchano mdogo wa shavuni unaweza kuwa na nyuzi nyingi kuliko mkubwa wa mgongoni.

Halafu kuna zile usizoziona kabisa. Kidonda kikubwa chenye kina hakifungwi juu tu, kinashonwa kwa tabaka, ndani kwanza kwa uzi unaoyeyuka wenyewe, huo ndo unaobeba mvutano, ngozi ya juu inabaki na kazi ndogo. Pale ngozi inapovuta sana kuna mshono wa kwenda na kurudi, sindano inapita mbali na kingo na kwa kina, halafu inarudi karibu na juujuu, kingo zinainuka kidogo badala ya kujikunja ndani. Hapo sindano imepita mara nne na fundo ni moja, haya hesabuni.

Na kidonda kichafu kikubwa wakati mwingine hakishonwi siku hiyo kabisa, kinaoshwa, kinaachwa wazi siku 3 mpaka 5 ndo kinafungwa, maana ukifunga uchafu ndani umejitengenezea jipu. Huyu siku ya kwanza ana nyuzi sifuri na pengine ndo aliyeumia kuliko wote.

Kwa hiyo ukienda kumwona mgonjwa, we muulize tu jeraha lina urefu gani na limeingia wapi. Ukitaka kabisa kuongelea nyuzi, muulize anarudi lini kuzitoa: za usoni hutolewa mapema, kama siku 5 hivi, za miguuni na kwenye maungio zinakaa mpaka kama wiki 2.